Mshindani Akinunuliwa, Dereva Ndiye Hulipa

Tanzania, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, na kituo kinachouza juu ya hapo kinajitafutia adhabu. Kenya, tarehe 14 ya kila mwezi, EPRA hufanya vivyo hivyo. Msomaji wetu aliyehamia Birmingham akitokea Tanga au Kisumu aghalabu hudhani kwamba na hapa ipo ofisi inayomlinda kwa namna hiyo. Haipo. Uingereza mwenye kituo hujipangia bei, na anaweza kuibadilisha saa yoyote. Kinga ya dereva ni mwenye kituo mwingine, aliye mtaa wa pili au ng'ambo ya barabara, anayewataka wateja walewale.

Kinga hiyo ndiyo inayoguswa kampuni za mafuta zinapoungana au kununuana. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza, CMA, inapaswa kukataa mara nyingi zaidi kuliko inavyokataa sasa, na mzigo wa kuthibitisha kwamba muungano hautamuumiza mnunuzi uwe juu ya wanaotaka kuungana.

Juni 2025 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba Shell ilikuwa kwenye mazungumzo ya awali ya kuinunua BP. Siku iliyofuata, Juni 26, Shell ilikanusha na kusema haina nia ya kutoa ofa. Kwa kanuni za Uingereza za ununuzi wa kampuni, kauli hiyo iliifunga Shell kwa miezi 6, na miezi hiyo ikaisha Desemba. Mjadala wa magazeti ya biashara ulikuwa wa hisa: kampuni mpya ingekuwa na thamani gani, ingeweza kusimama mbele ya Exxon Mobil na Chevron au la, wanahisa wangeambulia nini. Mtu anayejaza tangi hapa Birmingham, Small Heath au Handsworth, saa kumi na moja alfajiri alitajwa kidogo sana.

Naye ana haki ya kutajwa, kwa sababu Shell na BP zimewahi kuuza pamoja. Kuanzia 1932 hadi katikati ya miaka ya 1970 kampuni hizo mbili ziliuza mafuta Uingereza kupitia kampuni moja ya ubia, Shell-Mex and BP. Magari ya kusambaza yalikuwa ya pamoja, wauzaji wa pamoja, mipango ya pamoja. Afrika Mashariki nako zilishirikiana kwa miaka mingi. Anayesema kwamba majina mawili kwenye mabango ni ushahidi tosha wa ushindani na aisome historia hiyo kwanza.

Mwaka 1996 BP na Mobil ziliunganisha biashara zao za kusafisha na kuuza mafuta Ulaya, na vituo vya Mobil vya Uingereza vikapakwa rangi za BP. Dereva aliyekuwa na wauzaji wawili barabarani akabaki na mmoja. Miaka mitatu baadaye Exxon ilipoinunua Mobil kwa dola bilioni 81, wasimamizi wa ushindani wa Ulaya wakaitaka Mobil ijitoe kwenye ubia ule. Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, iliziamuru Exxon na Mobil ziuze vituo 2,431 kama sharti la kuziruhusu. Hiyo ilikuwa idadi kubwa kuliko zote ambazo tume hiyo ilikuwa imewahi kudai katika biashara ya rejareja. Ni kazi iliyofanywa kwa bidii, hilo tunakubali. Lakini muungano ulipita, kama ilivyopita ile ya BP na Amoco, BP na Arco, Chevron na Texaco, Total na Fina kisha Elf, yote ndani ya miaka michache ya mwisho wa karne iliyopita na mwanzo wa hii.

Je, bei zilipanda? Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ililichunguza swali hilo na kutoa ripoti Mei 2004. Katika miungano minane iliyopima, sita ilifuatiwa na kupanda kwa bei ya jumla ya petroli, kwa wastani wa senti 2 hivi kwa galoni. FTC ilipinga njia ya upimaji, na ubishi huo wa kitaalamu haukupata kuisha. Sisi tunaona hivi: senti 2 ni ndogo kwa mtu mmoja kwa siku moja, lakini muungano huidhinishwa mara moja na bei yake hulipwa kila siku, miaka na miaka, na mamilioni ya watu ambao hawakuulizwa.

Tuje karibu na nyumbani. Stourport ni mji mdogo kando ya mto Severn, chini ya saa moja kwa gari kutoka Birmingham ikiwa barabara ni nyeupe. Miaka ya 1960 kampuni ya Harper ilikuwa na gereji mbili, moja hapo Stourport na nyingine Mustow Green, karibu na Kidderminster. Zote mbili zilifungwa na mikataba ya Esso: mwenye gereji auze petroli ya Esso, asiuze ya mwingine. Mkataba wa Mustow Green ulikuwa wa miaka minne na miezi mitano. Ule wa Stourport ulikuwa wa miaka 21 na ulifungamanishwa na rehani, kwa kuwa Esso ilimkopesha mwenye gereji pauni 7,000, naye hakuruhusiwa kulipa deni lote mapema ili ajitoe. Petroli ya bei nafuu ilipoingia sokoni, akina Harper wakaanza kuuza chapa nyingine. Esso ikawapeleka mahakamani. Kesi ikapanda ngazi hadi Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati huo, na Februari 1967 majaji wakaamua kwamba mkataba wa miaka minne na ushei unavumilika, lakini ule wa miaka 21 unambana mfanyabiashara kupita kiasi na hauna nguvu.

Wanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaosoma mikataba kwa misingi ya Kiingereza wanaijua kesi hiyo. Sisi tunaitaja kwa sababu nyingine. Inaonyesha kwamba kampuni kubwa haihitaji kumnunua muuzaji mdogo ili kumnyamazisha. Karatasi moja yenye saini inatosha. Tume ya Ukiritimba ya Uingereza ilikuwa imelichunguza jambo hilo na kutoa ripoti yake 1965, ikikuta vituo vingi mno vya nchi vimefungwa hivyo. Kwa hiyo kampuni mbili kubwa zinapoungana, haziungani zenyewe tu. Mikataba yote waliyoisaini wenye gereji wadogo huenda nazo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Uingereza ilikuwa na vituo karibu 40,000. Leo vimebaki elfu nane na mia kadhaa. Waliowaokoa madereva katika kupungua huko ni watu ambao hawakuwa wa mafuta kabisa: maduka makubwa ya vyakula. Asda, Tesco, Sainsbury's na Morrisons zilijenga vituo kwenye maegesho yao na kuuza petroli kwa bei ya chini ili mtu aingie ndani kununua mkate na maziwa. Sasa huuza zaidi ya mbili ya tano ya mafuta yote ya magari nchini. Kwa miaka mingi Asda ndiyo iliyokuwa ya kwanza kushusha, na kila aliyekuwa na kituo karibu na Asda alilazimika kuifuata. Hata dereva ambaye hajawahi kukanyaga Asda alifaidika nayo.

Kisha maduka hayo yakaanza kununuliwa. Aprili 2019 CMA ilizuia Sainsbury's kuungana na Asda, ikieleza kwamba pamoja na bei za vyakula, bei ya mafuta ingepanda katika vituo zaidi ya 125. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, na tunaupongeza hadi leo. Lakini mwaka 2021 Asda ikanunuliwa na ndugu wawili wa Blackburn, Mohsin na Zuber Issa, pamoja na mfuko wa uwekezaji wa TDR. Ndugu hao tayari walikuwa wenye EG Group, mojawapo ya kampuni kubwa za vituo vya mafuta nchini. CMA iliridhika baada ya kukubaliana nao wauze vituo 27. Mwaka huohuo Morrisons nayo ikanunuliwa na mfuko wa Kimarekani, Clayton, Dubilier & Rice, ambao nao tayari ulikuwa mwenye Motor Fuel Group, MFG, kampuni nyingine kubwa ya vituo. CMA ikataka vituo 87 viuzwe, kisha ikaruhusu. Asda ikanunua vituo vya Co-op, ikaamriwa iuze 13. Mwaka 2023 ikanunua sehemu kubwa ya biashara ya EG ya Uingereza. Mwaka 2024 MFG ikachukua vituo 337 vya Morrisons katika biashara ya pauni bilioni 2.5.

Ununuzi huo uliochunguzwa na CMA ulipimwa mmoja mmoja, mtaa kwa mtaa, na dawa ikawa ileile: uza vichache, chukua vilivyobaki. Hapo ndipo tunapotofautiana na CMA. Ukipima kipande kimoja kimoja, kila kipande kinaonekana kidogo. Jumla yake ni kwamba katika miaka mitatu tu, wauzaji wawili kati ya wanne waliokuwa wakiivuta bei chini waliingia mikononi mwa watu ambao biashara yao ilikuwa ni kuuza mafuta kwa faida nzuri.

Ripoti ya CMA yenyewe ya Julai 2023 inaeleza kilichofuata. Kati ya 2019 na 2022 faida ya wastani ya maduka makubwa ilipanda kwa peni 6 kwa kila lita. Wateja wao walilipa kiasi cha pauni milioni 900 zaidi kwa mwaka 2022 peke yake. Asda ilijiwekea lengo la faida la 2023 mara tatu ya lile la 2019. Lile la Morrisons likawa mara mbili. Na wengine, ambao zamani wangeichukua nafasi hiyo kuwanyang'anya wateja, walipandisha bei pamoja nao. Wakati wa uchunguzi Asda ilitozwa faini ya pauni 60,000 kwa kutotoa taarifa ilizotakiwa kutoa. Mwaka uliofuata CMA ilikadiria kwamba kupanda kwa faida tangu 2019 kuliwagharimu madereva wa nchi nzima pauni bilioni 1.6 katika 2023.

Hatusemi kununuliwa kwa maduka hayo ndiyo sababu pekee. Kulikuwa na Covid, kisha Urusi ikaivamia Ukraine na bei ya mafuta ghafi ikaruka. Julai 2022 petroli ilifika zaidi ya peni 190 kwa lita na dizeli ikakaribia 200. Katika vurugu kama hiyo mtu hawezi kujua kwa macho ni peni ngapi zimetokana na vita na ngapi zimeongezwa na muuzaji. Lakini tunachosema kinathibitishwa na ripoti hiyo: mshtuko wa vita ulipopoa na bei ya jumla ikashuka, ile ya kwenye pampu ilishuka kwa kusuasua. Hasa dizeli, katika miezi ya mwanzo ya 2023. Mshindani mwenye njaa asingekubali.

Hesabu yake kwa mtu mmoja ni hii. Miongoni mwa madereva wa teksi wa mji huu wamo watu wetu: Wasomali, Wakongo, Wakenya, Watanzania. Wanajiajiri wenyewe, mafuta ni ya mfukoni mwao, na nauli hawapangi wao. Juni 2021 jiji lilipoanza kutoza pauni 8 kwa siku kwa magari yenye moshi mchafu yanayoingia katikati ya mji, wengi waliuza dizeli zao kuukuu wakanunua Prius kwa mkopo. Sasa chukua dereva anayejaza lita 100 kwa wiki. Peni 6 kwa lita ni pauni 6 kwa wiki, karibu pauni 300 kwa mwaka. Ni sare za shule za watoto wawili, au nauli ya mama kutoka Bukavu hadi Bujumbura na matibabu yake huko. Zimechukuliwa peni kwa peni na hakuna risiti inayozionyesha.

Na hawezi kuzirudisha kwa kuzungukazunguka. Ukisimama Coventry Road asubuhi utaona nguzo za bei za vituo jirani zinasomana. Mmoja akipandisha peni mbili, mwingine hasubiri jioni. Hilo si kosa la jinai, kwa sababu hawakukaa kikao. Wachache wanaotazamana kila siku hawahitaji kikao. Sheria ya ushindani inaweza kumfunga anayekula njama, lakini haina la kumfanya anayechungulia dirishani na kubandika bei ileile. Mahali pa kuzuia ni mapema, pale wachache wanapotaka kuwa wachache zaidi.

Wenye vituo wana jibu lao, na ni haki lisikike. Wanasema mishahara imepanda, umeme umepanda, wizi wa mafuta umeongezeka, na watu wakihamia magari ya umeme lita zinazouzwa zitapungua huku gharama zikibaki palepale. Wanasema pia kwamba bila ukubwa hawawezi kujenga mashine za kuchajia magari, na MFG iliieleza biashara yake na Morrisons kwa hoja hiyohiyo. Wanaongeza kwamba takriban nusu ya bei ya lita ni kodi: ushuru, uliokatwa peni 5 Machi 2022 ukawa peni 52.95, na juu yake VAT ya asilimia 20. Hoja ya kodi ni kweli, ila haihusiki. Serikali huchukua kiasi hicho awe muuzaji mmoja au kumi. Hoja ya gharama imepimwa, na CMA imesema gharama za uendeshaji hazitoshi kueleza faida iliyopanda tangu 2019. Hoja ya mashine za kuchajia ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu wachache wakishika maeneo mazuri ya barabarani leo kwa petroli, ndio watakaoyashika kesho kwa umeme.

Serikali imeleta dawa ya taarifa. Kwa sheria ya 2025 kila kituo kinatakiwa kutangaza bei zake zinapobadilika, ili programu za simu zimwonyeshe dereva wapi ni nafuu. Tunaiunga mkono, na tunawashauri wasomaji waitumie. Ila programu ya simu huonyesha wauzaji waliopo. Kama ndani ya mwendo wa dakika kumi vituo vitatu ni vya tajiri mmoja, simu itakuonyesha bei tatu za tajiri mmoja.

Nyuma ya pampu kuna tatizo jingine, na ndilo linaloifanya habari ya Shell na BP iwe ya Birmingham kweli. Mafuta mengi ya mji huu hupitia bohari kubwa ya Kingsbury, upande wa mashariki karibu na Tamworth, ambayo wengi waliisikia mara ya kwanza Aprili 2022 waandamanaji wa Just Stop Oil walipoizuia. Huletwa hapo kwa mabomba, mengine kutoka upande wa Thames, mengine kutoka Stanlow karibu na Liverpool. Malori ya chapa mbalimbali hujaza humo. Viwanda vya kusafishia vinapungua: Grangemouth kiliacha kusafisha mafuta Aprili 2025, na miezi miwili baadaye kampuni yenye Lindsey ikafilisika. Vimebaki vinne vikubwa: Stanlow, Pembroke, Humber na Fawley. Stanlow ni cha Essar, kampuni ya Kihindi ambayo wasomaji wa Mombasa wanaikumbuka. Ilinunua nusu ya kiwanda cha Changamwe 2009 kutoka kwa Shell, BP na Chevron, na kiwanda kikaacha kusafisha mafuta 2013. Wauzaji wa jumla wakiwa wachache kiasi hicho, mwenye kituo huru hana mahali pa kukimbilia. Shell na BP zikiwa kitu kimoja atakuwa amepoteza mmoja wa wauzaji wakubwa anaoweza kuwaomba bei.

Kwetu Afrika Mashariki mabadiliko kama haya yamepita kwa ukimya zaidi. Total ilichukua biashara ya Chevron Kenya na Uganda 2009, kisha ikainunua Gapco katika Kenya, Uganda na Tanzania. BP Tanzania ikawa Puma, iliyo chini ya Trafigura, serikali ikibaki na nusu. Vituo vya Shell vikaenda Vivo, ambayo sasa ni ya Vitol. KenolKobil ikamezwa na Rubis ya Ufaransa 2019, na Gulf Energy ikafuata mwaka huohuo. Vitol na Trafigura ni wafanyabiashara wa mafuta wa dunia. Wao huuza meli nzima, na sasa wana pampu pia. Kwa kuwa EWURA na EPRA hutangaza bei kikomo, mwananchi haoni tofauti siku inayofuata, na mjadala haufanyiki. Lakini bei kikomo hukokotolewa kutokana na gharama za uagizaji, usafirishaji na faida inayoruhusiwa, na wanaojadiliana na serikali kuhusu gharama hizo ni walewale wachache. Tume ya Ushindani ya Tanzania na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya zinapaswa kuchapisha sababu zao kwa kina kila zinapoidhinisha, kwa Kiswahili, ili mwenye bodaboda naye asome.

Na kuna Lindi. Shell ilipoinunua BG Group Februari 2016, muungano ulikuwa umepitiwa Brussels, Australia na Beijing. Pamoja na BG ikapata vitalu vya gesi vya bahari kuu ya kusini mwa Tanzania, ambavyo mtambo wake wa kusindika gesi umengojewa Lindi kwa zaidi ya miaka kumi na haujajengwa. Mwenye orodha ndefu ya miradi duniani huchagua wa kuanza nao. Kila kampuni mbili zinapogeuka moja, orodha mbili huwa moja, na mradi wa Lindi husogea kwenye foleni ndefu zaidi.

Turudi kwenye CMA, maana nguvu yake ndiyo inayopunguzwa sasa. Januari 2025 serikali ya Chama cha Labour ilimwondoa mwenyekiti wake, Marcus Bokkerink, na kumweka kwa muda Doug Gurr, aliyewahi kuwa mkuu wa Amazon Uingereza. Sababu iliyotolewa ni ukuaji wa uchumi: wasimamizi wasiwe kikwazo kwa uwekezaji. Tunaitakia nchi hii uchumi unaokua. Watoto wetu wanatafuta kazi humu. Lakini kampuni moja kuinunua nyingine hakujengi kiwanda wala kisima, huhamisha umiliki tu, na mara nyingi huanza kwa kupunguza wafanyakazi. Waziri anayeiambia mamlaka ya ushindani ipunguze ukali anampunguzia dereva wa Sparkbrook kinga aliyonayo, na amweleze hivyo waziwazi.

Tunawataka wabunge wa Birmingham wamuulize waziri bungeni kama muungano wowote wa kampuni zinazouza mafuta Kingsbury utapelekwa moja kwa moja kwenye uchunguzi wa kina, na kama ununuzi wa vituo utapimwa pamoja na ule uliotangulia wa miaka mitano iliyopita. Richard Parker, meya wa West Midlands, naye ana sauti ya kuuliza hilo. Vyama vya madereva wa teksi visisubiri kuitwa. CMA inapochunguza muungano hukaribisha maoni ya mtu yeyote, kwa barua pepe, na ushahidi inaouhitaji zaidi wanao wao: ni kituo gani cha mtaa hushusha bei kwanza, nani humfuata, na nini kilitokea bei zilipobadilika baada ya kituo kile kupata tajiri mpya. Risiti zimo kwenye droo za magari yao. Wazipige picha, waziandikie tarehe, wazitume.